Namugongo ya Wakristo, Namugongo Yetu: Nani Alishika Kalamu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, jiji letu la Kampala hujaa mahujaji wa Kikristo. Wanaingia kwa miguu kutoka pembe zote za Uganda, na wengine wanavuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wote wakielekea Namugongo. Na kila mwaka mjadala ule ule hurudi katika vyumba vyetu vya hosteli na katika makundi yetu ya WhatsApp. Mmoja anasema hadithi ile ilitungwa na wazungu. Mwingine anasema Waislamu ndio waliotangulia kufa pale, na Wakristo wametuibia mahali petu. Wa tatu anafunga mjadala kwa kusema kwamba historia ya Wakristo haituhusu.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, na muhula huu tumekuwa na somo linalohusu jinsi wanahistoria wanavyouchunguza na kuuandika mwanzo wa dini ya Kikristo. Nimeona nizungumze nanyi kuhusu hilo kwa sababu ya amri mbili tunazozisoma mara kwa mara na kuzitumia mara chache. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Mjadala wetu wa kila Juni huzivunja zote mbili kabla chai haijapoa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, shahidi ni mtu aliyeona jambo akaja kulisema mbele ya kadhi, na shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Mzizi wake wa Kiarabu ni mmoja. Waganda nao wanawaita waliokufa Namugongo Abajulizi, neno lenye maana hizo hizo mbili, na hata neno la Kigiriki walilolitumia Wakristo wa kale lilianza kwa maana ya mtoa ushahidi. Hapo ndipo mwanahistoria anapoanzia kazi. Shahidi aliyekufa hasemi tena. Nani alimwona? Alisimulia lini, akamsimulia nani, na aliyesimuliwa alikuwa anatafuta nini?

Kwa Wakristo wa Buganda majibu yanapatikana. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafika mwaka 1879. Kabaka Mwanga alirithi kiti mwaka 1884. Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa Kianglikana, Oktoba mwaka huo akauawa Askofu Hannington huko Busoga, Novemba akauawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, na tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Orodha rasmi zina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wamisionari walikuwa papo hapo mjini, wakiandika shajara na barua. Zaidi ya hayo, vijana watatu waliokuwa wamefungwa pamoja na wenzao, Kamyuka, Sebuta na Werabe, waliachwa hai pale Namugongo. Walisimulia, na maneno ya mashahidi yakaandikwa wangali hai. Kanisa Katoliki likawatangaza wenye heri mwaka 1920, kisha watakatifu mwaka 1964.

Mtu aliyesoma elimu ya hadithi ataona haraka kwamba sanadi hapa ni fupi. Kati yetu na tukio kuna mtu aliyekuwepo. Kwa hiyo anayesema hadithi nzima ilitungwa na wazungu hana hoja, na anamvunjia heshima Mganda aliyesimulia alichokiona kwa macho yake.

Lakini mwanahistoria haishii hapo, na hapa ndipo somo lilipoanza kunivutia. Barua ya mmisionari ilikuwa na msomaji wake Ulaya, na msomaji huyo alikuwa mfadhili. Mwandishi wa barua alijua ni habari gani zitakazowagusa watu kanisani na kuleta mchango. Kamyuka naye aliwasimulia mapadri waliokwisha kuwa na sura ya mtakatifu vichwani mwao. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Linatufanya tumsome kwa swali: hapa alikuwa anaeleza alichokiona mwenyewe, au alichokisikia baadaye kwa wenzake? Wanavyuoni wetu wa hadithi waliuliza vivyo hivyo. Fulani alikutana kweli na fulani? Kumbukumbu yake ilikuwaje uzeeni? Alikuwa na madhehebu anayoyapigia debe?

Mwanzo wa Ukristo katika dola ya Kirumi unasomwa kwa njia hiyo hiyo, ila kule vyanzo ni vya mbali zaidi. Wataalamu wengi wanaziweka barua za Paulo kiasi cha miaka 20 baada ya zama za Nabii Isa (a.s.), na Injili ya Marko karibu na mwaka 70. Kipande cha karatasi ya mafunjo kilichohifadhiwa Manchester, ambacho wengi wanakihesabu miongoni mwa vipande vya kale zaidi vya Injili, kinaenea katika kiganja cha mkono. Kwa hiyo mwanahistoria hutafuta pia ushahidi wa wasiowapenda Wakristo. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, aliyewadharau waziwazi, anaeleza jinsi Nero alivyowatesa baada ya moto wa Roma mwaka 64. Liwali Plinius, karibu na mwaka 112, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanye nini Wakristo wa jimbo lake. Adui hana sababu ya kukutungia sifa, ndiyo maana neno lake lina uzito. Kisha katika karne ya 4 anakuja Askofu Eusebius, anaandika historia ya Kanisa wakati Konstantino amekwisha kuwa upande wao. Yeye anasomwa kwa tahadhari nyingine, kwa sababu ameandika baada ya ushindi.

Sisi Waganda tuna Eusebius wetu. Apolo Kagwa alipigana katika vita vya dini, akawa Katikkiro kuanzia mwaka 1889 hadi 1926, na katikati ya kazi hizo akaandika vitabu vya historia ya Buganda ambavyo hakuna mtafiti anayeweza kuvikwepa. Jemadari, waziri mkuu na mwandishi wa historia katika mtu mmoja! Ukimsoma bila kukumbuka hayo, utadhani mambo hayangeweza kwenda kwa njia nyingine yoyote.

Sasa tuje kwetu.

Uislamu ulifika ikulu ya Buganda zamani za Kabaka Suna. Mwaka 1844 ndio unaotajwa, pamoja na jina la mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim. Mwanawe Suna, Mutesa, alisoma Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi, akajenga msikiti na kuwaamrisha watu wake waswali. Walioipuuza amri hiyo aliwaadhibu, na wako waliouawa. Jambo hili hatulitaji katika mihadhara yetu, lakini limo katika historia ile ile tunayojivunia.

Mutesa hakutahiriwa. Mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Walipofika walimu kutoka kaskazini, upande wa Misri na Sudani, waliwaambia vijana wa ikulu kwamba haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, na kwamba msikiti wenyewe haukuelekezwa kibla sawasawa. Vijana wakalishika neno hilo. Wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka, wakakataa kula nyama iliyochinjwa ikulu. Katika nchi ile, kukataa chakula cha Kabaka kulikuwa uasi. Mwaka 1876 wakapelekwa Namugongo, wakachomwa moto. Hao ni vijana wa ikulu ile ile, waliouawa mahali pale pale, miaka kumi kabla ya Lwanga. Idadi inayotajwa sana ni 70.

Kwa nini basi dunia nzima inamjua Lwanga, na wa kwetu wengi wetu hatuwezi kutaja jina hata la mmoja? Jibu rahisi ni njama. Jibu la mwanahistoria ni kutazama kalenda. Stanley alikuwa Buganda mwaka 1875, akaondoka. Wamisionari wa kwanza walifika mwaka 1877. Vijana wetu waliuawa katikati ya tarehe hizo, wakati ambapo hapakuwa na mmisionari wa kuandika shajara mjini. Hakuna askofu aliyewaita walionusurika na kuandika maneno yao mmoja mmoja. Na jamii yetu, ilipokuja kupata nafasi ya kupumua, ilikuwa imeshindwa vitani na kunyimwa shule, ikiwa na mambo mengine ya kuhangaikia.

Habari zile zilitufikiaje basi? Ndugu zangu, zilitufikia kwa midomo ya wazee wetu, na kwa sehemu kubwa kwa kalamu za Waganda Wakristo, Kagwa akiwa mmojawapo. Watu waliopigana na Waislamu ana kwa ana ndio walioandika kwamba Waislamu waliuawa kwa ajili ya swala yao. Mbele ya mwanahistoria huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko wetu wenyewe, kwa sababu ile ile inayompa nguvu Tacitus. Kisha mwaka 1964, mwaka ule ule wa sherehe za Roma, makala kuhusu mashahidi wa Kiislamu wa Buganda ilichapishwa katika jarida la Uganda Journal, nayo iliandikwa na watu wawili pamoja: Ahmed Katumba, Muislamu, na F. B. Welbourn, mchungaji wa Kianglikana aliyefundisha Makerere. Baadaye akaja Profesa A. B. K. Kasozi na kitabu chake kuhusu kuenea kwa Uislamu Uganda. Basi anayesema tumeibiwa aeleze kwanza ni nani aliyetuhifadhia alichokihifadhi.

Kuna ushahidi mwingine ambao haukuandikwa na yeyote kwa makusudi. Tazameni Kiganda chenyewe. Mkristo wa Buganda akisema eddiini, au ekitabo, anatumia maneno yaliyopita kwetu kabla ya kumfikia. Kwa Kiganda okusoma ni kusoma na pia ni kwenda kuabudu, kwa kuwa dini iliingia na kitabu, na walioifuata, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa wasomaji. Wamisionari walipoanza kuhubiri habari za Mungu mmoja, ufufuo na hesabu ya siku ya mwisho, ikulu ilikuwa imeyajadili hayo kwa miaka. Matia Mulumba, mmoja wa wale 22, alikuwa Muislamu kwanza, kisha Mprotestanti, kisha Mkatoliki. Anayetaka kuuandika mwanzo wa Ukristo wa Buganda bila Uislamu atakuwa anaanzia katikati.

Nije kwenye jambo linalonikera. Katika mihadhara yetu ya kulinganisha dini tumezoea kuwatumia wanahistoria wa Ukristo kama fimbo. Tunamnukuu Bart Ehrman kuhusu nakala za Injili zinavyotofautiana, ukumbi unaitikia takbira, tunakwenda nyumbani. Hatusomi ukurasa unaofuata. Mwanahistoria huyo huyo anasema kwamba kusulubiwa kwa Isa wakati wa Pontio Pilato ni miongoni mwa mambo yaliyo imara kabisa katika historia yake, na Tacitus anataja kuuawa kwake. Hapo tunamwita adui wa Uislamu. Mizani haiwezi kuwa sahihi asubuhi na mbovu jioni.

Niliulizwa swali hili darasani na mwenzangu Mkristo, kwa upole kabisa: ninyi mnaoisoma Suratun Nisaa, aya ya 157, mnafanya nini na Tacitus? Nilichomjibu ndicho ninachokiamini. Mwanahistoria hupima kile watu walichokiona, au walichosadiki kwamba wamekiona, wakakisimulia. Chombo chake hakifiki mbali zaidi ya hapo. Aya yenyewe haisemi kwamba watu wale hawakuona kitu, inasema walifananishiwa. Basi kwamba Warumi na wafuasi wake walisimulia kusulubiwa halinilazimu nimkane Tacitus, wala halinitoi katika imani yangu, kwa kuwa ninachokiamini nimekipokea kwa wahyi. Sikukipata kwa uchunguzi wa nakala. Mwenzangu hakukubaliana nami, na sikutazamia akubali. Lakini hatukudanganyana kuhusu kilichoandikwa, na tangu siku hiyo tunasoma pamoja.

Uadilifu huo huo tunao haki ya kuudai. Soma barua na vitabu vya wamisionari wa wakati ule, Mackay na Ashe kwa mfano, utaona kila balaa linapoikuta misheni, nyuma yake yumo Mwarabu anayemnong'oneza Kabaka. Hata tabia za Mwanga ambazo vijana wale walizikataa, Waarabu ndio waliobebeshwa lawama. Kwamba wafanyabiashara Waislamu waliwapinga wamisionari ni kweli, kwani walikuwa wakishindania sikio moja la Kabaka. Lakini mwanahistoria John Rowe, alipoandika mwaka 1964 kuhusu mauaji ya ikulu ya Mwanga, aliyatazama kama suala la siasa za ikulu pia: Kabaka kijana, vijana wasiotii, wakubwa wenye hofu. Hannington alikuwa amekuja kwa njia ya Busoga, njia ya mlango wa nyuma wa Buganda, wakati Wajerumani wanajitwalia nchi karibu na pwani. Mwanga aliona nchi yake inazungukwa. Katika hilo hakukosea, ingawa walioulipia woga wake walikuwa vijana wasio na hatia.

Lakini ukidai haki hii, ujue kuna kurasa zinazokusubiri. Mwaka 1888 Waislamu waliishika Buganda. Walimweka Kabaka Kalema, na katika utawala wake watu walilazimishwa kutahiriwa, na wana wa kifalme, wanaume kwa wanawake, wakauawa kwa hofu kwamba watadai kiti. Haya si uzushi wa maadui. Nimewahi kusikia yakirukwa katika mawaidha mazuri kabisa, mzungumzaji akitoka 1876 hadi siku za Mwanamfalme Nuhu Mbogo kwa hatua moja ndefu. Tukimtaka Mkristo aandike habari za vijana wetu 70, sisi nasi tuandike habari za Kalema.

Na hiyo 70 yenyewe tuiangalie. Nimeona bango lenye 70, ujumbe wa simu wenye 200, na kijana mmoja alinihakikishia kwamba walikuwa elfu. Inawezekana kabisa kwamba waliouawa Buganda nzima ni wengi kuliko waliochomwa Namugongo, na baadhi ya tofauti ya hesabu inatoka hapo. Hiyo elfu lakini ilitoka wapi? Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, aliikataa idadi ya wanajeshi 600,000 wanaosimuliwa kuwa walikuwa na Nabii Musa (a.s.), akiuliza nchi gani ingewatosha na safu zao zingekuwa na urefu gani. Aliuliza hayo kuhusu jeshi la Mtume wa Mwenyezi Mungu na hakuna aliyemwambia amepungukiwa na imani. Kijana mmoja aliyekufa kwa ajili ya swala yake anatosha. Hahitaji kuongezewa wenzake wa uongo. Na katika Sahih Muslim tumeonywa kwamba mtu anatosha kuwa mwongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Kitufe cha kusambaza ujumbe kimo ndani ya hadithi hiyo.

Kazi ipo, na si kubwa sana kwetu. Familia nyingi za Kiislamu hapa Kampala, Kibuli, Natete, Wandegeya na vijijini pembezoni, zina mzee anayejua babu yake aliingiaje katika dini, nani alimfundisha na jamaa gani waliuawa. Hatuna tena mtu aliyekuwepo mwaka 1876, lakini bado tunao walioambiwa na walioambiwa na waliokuwepo. Kundi letu dogo la wanafunzi limekubaliana kuanza likizo hii. Kila mmoja ataanza na wazee wa nyumbani kwake. Ukienda, andika tarehe, jina la mzee, umri wake, na aliyemsimulia yeye ni nani. Andika anachosema kama alivyosema, kwa Kiganda au Kiswahili, hata pale kinapokuudhi. Ukipata majina mawili ya mtu mmoja, andika yote mawili. Usimsahihishe. Mzee akikwambia kwamba aliyemficha babu yake alikuwa jirani Mkristo, hilo nalo liandike.

Yeyote anayetaka kuungana nasi atatukuta baada ya swala ya Ijumaa, upande wa rafu za viatu. Aje na daftari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.